Wakala anataka laki nane anitafutie ufadhili wa uzamili. Nimpe?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni afisa kilimo wa kata mkoani Rukwa, nina miaka 29. Nilihitimu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) miaka minne iliyopita, shahada ya kwanza ya agronomia, GPA 3.4. Kazini nina miaka mitatu na nimeshathibitishwa. Ninatamani kusoma uzamili nje kwa ufadhili kamili. Nimeomba kila tangazo ninaloliona kwenye magrupu ya WhatsApp, hakuna anayejibu. Sasa kuna wakala anasema nikimpa shilingi 800,000 atanipatia ufadhili wa asilimia mia Uturuki au China. Kaka yangu yuko tayari kukopa SACCOS anilipie, na hata ada ya muhula wa kwanza ikibidi, mengine tutafute nikiwa huko huko. Kazi yangu kubwa ni mahindi. Misimu miwili hii nimekuwa na vikundi 11 vya wakulima tukijaribu vihenge vya chuma na mifuko isiyopitisha hewa ili kumzuia dumuzi, mdudu anayeharibu mahindi ghalani. Naomba ushauri wako.

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na hiyo laki nane kwa sababu ndiyo yenye haraka: usimpe.

Sisemi kwamba mawakala wote ni matapeli. Wapo wanaofanya kazi halali ya kuunganisha wanafunzi na vyuo, na chuo ndicho kinachowalipa. Lakini ufadhili wa serikali ya Uturuki, unaoitwa Türkiye Bursları, huombwa bure, na mwombaji mwenyewe, kwenye tovuti yao, kwa kawaida kati ya Januari 10 na Februari 20. Kwa uzamili wanamtaka mtu aliye chini ya miaka 30 mwenye wastani usiopungua asilimia 75. Wewe umri ndio huo unakimbia, na 3.4 kwenye mizani yetu ya 5 ukiigawanya moja kwa moja ni asilimia 68. Hakuna wakala anayeweza kuisogeza namba hiyo. Atakachokuletea, mara nyingi, ni barua ya udahili ya chuo binafsi yenye maneno makubwa ya "punguzo la asilimia 50". Punguzo hilo hupewa karibu kila mgeni, maana yake ndiyo bei yenyewe. Nusu iliyobaki, chumba, chakula, bima na nauli vitakuwa juu yako, na wakala atakuwa ameshakula pande mbili, kwako na kwa chuo.

China ni habari nyingine na usiifute. Ufadhili wa serikali ya China kwa uzamili unalipa ada, malazi, bima na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi, na kikomo cha umri ni miaka 35. Kuna njia mbili: kupitia ubalozi na wizara ya elimu ya nchi yako, au kuomba moja kwa moja kwenye chuo kilichopewa nafasi. Fomu ni ile ile unayoijaza mwenyewe. Wanachodai ni mpango wa masomo ulioandikwa vizuri, fomu ya uchunguzi wa afya, na barua mbili za mapendekezo kutoka kwa profesa au profesa mshiriki. Barua hizo mbili wakala hana. Walimu wako wa Morogoro wanazo. Kwa fani yako vipo vyuo vikubwa vya kilimo, kama China Agricultural University ya Beijing na Northwest A&F ya Yangling. Ila soma kwa makini lugha ya kufundishia: kozi ya Kichina inakuongezea mwaka mzima wa lugha kabla hujagusa mahindi.

Hilo limekwisha. Sasa tuje kwenye sababu ya kutojibiwa, ambayo nadhani ndiyo swali lako hasa.

Unasema umeomba "kila tangazo". Nimesoma maombi mengi ya watu wa aina yako, watumishi wazuri wenye kazi ya kuonyesha, na kinachowaangusha ni hicho. Barua moja, imebadilishwa jina la nchi, imetumwa kila mahali. Wakati kila mfuko una mwenyewe, na mwenyewe ana jambo analolitaka kwa fedha yake. Waingereza wanaotoa ufadhili wa Chevening wanatafuta watu watakaokuja kuwa na sauti katika nchi zao na kubaki marafiki wa Uingereza, ndiyo maana insha zao zinauliza uongozi, mahusiano ya kikazi na mipango yako ya baadaye, na wanakutaka urudi nyumbani angalau miaka 2. Wajerumani wa DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, kwenye mpango wao wa kozi za maendeleo unaoitwa EPOS, wanamtaka mtu aliye kazini tayari, mwenye miaka 2 ya uzoefu, atakayerudi kuifanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi. Umoja wa Ulaya, kupitia Erasmus Mundus, unataka darasa lenye watu wa mataifa mengi watakaosoma kwenye nchi mbili au zaidi. Ufadhili wa Japani na Benki ya Dunia unawalenga watumishi wenye angalau miaka 3 ya kazi za maendeleo. Barua inayomfaa mmoja wa hao haiwezi kumfaa mwingine, na wasomaji wao huigundua barua ya jumla ndani ya aya ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "wapi kuna nafasi", jiulize ni nani duniani ana shida na jambo ninalolijua mimi. Na wewe jibu unalo, ila umeliweka mwishoni mwa barua kama mtu anayetaja kazi yake kwa adabu tu. Dumuzi.

Mdudu huyo aliingia Afrika kupitia kwetu, Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, akitokea Amerika ya Kati. Kuanzia hapo amesambaa bara zima na kuwa mmoja wa waharibifu wakubwa wa mahindi ghalani. Wapo wanasayansi waliojenga kazi zao za maisha juu yake. Natural Resources Institute ya Chuo Kikuu cha Greenwich, kule Chatham, imefanya kazi ya hifadhi ya nafaka Afrika Mashariki kwa miongo. Mifuko unayoitumia na wakulima wako, kama ni ya PICS, ilibuniwa na watafiti wa Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye ikaonekana inafaa kwa mahindi pia. Nairobi kuna icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Watu hao wote wanahitaji takwimu za shambani kutoka mahali kama Rukwa, mkoa unaozalisha mahindi kwa wingi, yanayokaa vihengeni miezi kadhaa yakisubiri bei. Wewe una vikundi 11 na misimu miwili. Mwanafunzi wa uzamili wa Ulaya angehitaji mradi mzima kupata ulichonacho kwenye daftari lako la kata.

Kama hujakiweka kwenye daftari, anza msimu huu. Magunia mangapi yaliingia, mangapi yalitoka salama baada ya miezi sita, kaya ngapi ziliacha kutumia dawa ya unga, ngapi zilirudi kwenye viroba vya kawaida na kwa nini. Hilo la mwisho usilifiche. Anayesoma maombi humwamini zaidi mtu anayeeleza kilichokwama kuliko anayedai kila kitu kilifaulu.

Sasa GPA, maana najua inakuuma. Umekosa daraja la pili la juu kwa nukta moja, kwani kwetu linaanzia 3.5. Nukta hiyo ina maana kwa baadhi ya wafadhili na haina maana kwa wengine, na ni vizuri ujue mpaka ulipo ili usipoteze usiku wako. Commonwealth Scholarships za Uingereza zinadai daraja la pili la juu. Ukiwa na la chini wanakupokea tu kama una na uzamili unaohusika. Kwa hiyo kwa sasa mlango huo umefungwa, lakini kwa uzamivu baadaye utakuwa wazi, kumbuka hilo nitalirudia. Chevening inakutaka uwe na saa 2,800 za kazi, ambazo kwa miaka mitatu ya ajira umezipita mbali, lakini pia uchague kozi tatu za vyuo vya Uingereza, na vyuo vingi huko vinataka sawa na daraja la pili la juu. Vingi, si vyote. Kila chuo kina ukurasa wa sifa za waombaji wa Tanzania. Usome kabla ya kuchagua, na ukiwa na shaka waandikie ofisi ya udahili uwaeleze uzoefu wako. Wapo wanaokubali daraja la chini kwa mtu mwenye kazi.

Kuna jambo dogo ambalo watu hawalifanyi. Kama kwenye darasa lenu 3.4 ilikuwa miongoni mwa matokeo ya juu, mwombe mkuu wa idara aliandike kwenye barua, kwamba ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Mjerumani au Mbelgiji hajui kwamba idara fulani hutoa alama kwa mkono mgumu. Na kama masomo ya wadudu na hifadhi ya mazao ulipata A huku kilichokushusha ni hesabu za mwaka wa kwanza, liseme hilo kwa sentensi moja kisha uendelee. Sentensi moja. Nimeona watu wakimaliza ukurasa wakijitetea.

Kwa wasifu wako, EPOS ya DAAD ningeiweka mbele pamoja na ugumu wake. Wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka 6, na wewe una minne, kwa hiyo mlango huu unafungwa taratibu na ndio wa kuushughulikia kwanza. Maombi hutumwa kwa chuo kinachotoa kozi, si kwa ofisi za DAAD, na unaruhusiwa kozi zisizozidi tatu. Vyuo kama Bonn, Göttingen na Hohenheim vina uzamili wa kilimo cha nchi za joto unaofundishwa kwa Kiingereza. DAAD hutoa orodha ya kozi kila mwaka, angalia zipi zimo. Wanapenda sana barua ya mwajiri inayosema nafasi yako itakusubiri.

Ubelgiji watu wetu wanaipita tu. Shirika lao la VLIR-UOS hufadhili uzamili kwenye vyuo vya upande wa Kiflandria, na Tanzania imekuwa kwenye orodha yao ya nchi washirika miaka mingi. Ghent, kwa mfano, wana uzamili wa nematolojia, yaani minyoo fundo na jamaa zake wanaoshambulia mizizi. Jina lenyewe linawafukuza waombaji, na hiyo ni faida kwako: kozi yenye waombaji wachache wenye uzoefu wa shambani ni bora kuliko kozi ya "usimamizi wa maendeleo" inayoombwa na kila mwenye shahada Afrika nzima. Hapo napo unaomba udahili wa kozi kwanza, kisha ufadhili ndani ya fomu hiyo hiyo. Erasmus Mundus inalipa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, ada ikiwa imeshalipwa, na kila muungano wa vyuo una vigezo vyake. Kuna kozi ya maendeleo ya vijijini inayoratibiwa na Ghent hiyo hiyo, na kuna za afya ya mimea. Tazama katalogi ya mwaka husika, kwa sababu kozi huingia na kutoka kwenye ufadhili.

Mpango wa Japani na Benki ya Dunia unakufaa kwa uzoefu wako, ila ujue kwamba unaanza na kukubaliwa na chuo kilichomo kwenye orodha yao, bila masharti yaliyobaki. Watu huanza na ufadhili, wakifika Machi ndipo wanakumbuka udahili.

Mambo kadhaa unayoyaona kwenye magrupu hayapo tena. Orange Knowledge ya Uholanzi imefungwa, lakini tangazo lake bado linazunguka kila mwaka na watu wanalituma kwa nia njema. Kilichobaki kwa Waholanzi, NL Scholarship, ni euro 5,000 mara moja tu, wakati ada ya mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya inaweza kupita euro 15,000 kwa mwaka. Miradi ya kilimo iliyokuwa ikilipwa na USAID ilikuwa inasomesha Watanzania na Wakenya wengi kwenye vyuo vya Marekani. Shirika hilo limefungwa 2025 na nafasi zake zimekwenda nalo. Marekani yenyewe kwa sasa isikupotezee mwaka: sheria za viza zinabadilika haraka, na uzamili wa huko mara chache hulipiwa. Uzamivu ndio unaolipiwa, na idara yenyewe, kwa kukuajiri kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha.

Ujerumani nako utasikia kwamba elimu ni bure. Vyuo vingi vya serikali kweli havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wageni euro 1,500 kwa muhula (Hohenheim wamo humo), na vichache vingine. Lakini bila mfadhili ubalozi utakudai akaunti maalumu yenye euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30, ziwe zimewekwa kabla ya viza. Ukimsikia mtu anasema "nenda tu, ni bure", muulize hiyo.

Sasa naomba unisikilize kwa jambo ambalo hukuliuliza, na pengine hutalipenda. Fikiria kusoma uzamili hapa hapa.

Najua ndoto ni ndege. Lakini tazama hesabu. Kwa uzamili nchini, kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni GPA 2.7, wewe umekivuka. Fedha za uzamili nchini nyingi hazitangazwi kwenye magrupu kwa sababu zimo ndani ya miradi ya utafiti ya walimu. Mwalimu anapoandika mradi, anaweka kwenye bajeti wanafunzi wawili wa uzamili na mmoja wa uzamivu. Mradi ukipata fedha, anawatafuta. Anaanza na wale anaowakumbuka. Tangazo, likibandikwa, mara nyingi lina wiki mbili na waombaji wake ni waliokuwa karibu na ubao. RUFORUM, mtandao wa vyuo vya kilimo wenye makao yake Kampala, umekuwa ukitoa fedha kwa mtindo huu, na SUA ni mwanachama. Vituo vya umahiri vilivyoanzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia 2016 vimesomesha hivyo hivyo. SUA walipata viwili, kimoja cha magonjwa ya kuambukiza na kingine cha udhibiti wa panya waharibifu, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha wakapata viwili. DAAD nao wana ufadhili wa kusomea ndani ya Afrika, nchini mwako au nchi jirani, ambao waombaji wetu hawaugombei kwa sababu hauna picha ya theluji.

Ukimaliza uzamili wa utafiti wenye chapisho moja juu ya hifadhi ya mahindi Rukwa, ile 3.4 inaacha kuwa kitu cha kwanza mtu anachokiona. Commonwealth inakufungukia kwa uzamivu. icipe wana mpango wa uzamivu wa ARPPIS tangu 1983, na hata kwa uzamili wanapokea wanafunzi waliosajiliwa vyuoni kwao waje kufanyia utafiti pale. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye ofisi Trieste, hufadhili uzamivu wa wanawake kutoka nchi kama yetu kwenye vyuo vya nchi nyingine zinazoendelea. Kwa maoni yangu njia hii ni fupi kuliko kukaa miaka mitatu ukisubiri Ulaya ikujibu. Lakini si lazima uchague leo; ziendeshe zote mbili kwa mwaka mmoja.

Namna ya kumwendea mwalimu. Usimwandikie "naomba ufadhili". Tafuta SUA nani anafanya kazi ya hifadhi ya nafaka au wadudu wa ghalani, soma walau makala yake moja, kisha mwandikie aya tatu: wewe ni nani na uko kata gani, umeona nini kwenye vihenge vya vikundi vyako, kwa namba, na unauliza kama ana mradi, au anaandika mradi, ambao ungehitaji mtu wa eneo hilo. Ukienda Morogoro kwa shughuli nyingine, pita ofisini kwake. Kama ana miradi miwili ya kuandika na wewe una vikundi 11 vilivyo tayari, hapo wewe ndiye unayempa kitu.

Barua ya maelezo yako kwa wafadhili wa nje nayo ianzie pale pale. Achana na "tangu utotoni nimependa kilimo"; wanaisoma mara mia kwa siku. Anza na kata yenu inavuna lini, mkulima anatunza magunia mangapi akisubiri bei ya Januari, na dumuzi anakuwa amefanya nini kufikia Desemba. Kisha ulichojaribu. Kisha swali ambalo huwezi kulijibu kwa elimu uliyonayo, ambalo ndilo linalokupeleka kwenye kozi ile, kwa yule mwalimu, kwenye somo lile lililotajwa kwa jina. Mwisho, ukirudi utakaa ofisi gani na utabadili nini. Hapo wengi huandika "nitasaidia taifa langu". Wewe andika halmashauri, wilaya, na zao.

Barua za mapendekezo huharibu maombi mengi kuliko GPA. Mwalimu mmoja anaombwa na wanafunzi wengi kila mwaka, hakukumbuki, na mfumo wa chuo cha nje unamtumia kiungo kwenye barua pepe ya kazini ambacho huenda kikaangukia kwenye taka. Mpe wiki tatu au nne. Mtumie transkripti, wasifu, rasimu ya barua yako na tarehe ya mwisho, umkumbushe ulimfanyia mradi gani wa mwaka wa mwisho. Mtumie ujumbe wa adabu kiungo kinapotoka, na mwingine wiki moja kabla. Barua ya pili iandikwe na mkuu wako wa kilimo halmashauri, mtu aliyekuona kwenye vikundi. Barua ya mheshimiwa asiyekujua haina uzito.

Halafu mwajiri. Umethibitishwa, vizuri. Nenda kwa Afisa Utumishi sasa, kabla hujapata nafasi yoyote, uombe jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ruhusa ya masomo hutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji kwa maandishi, na kupata barua ya ufadhili mwezi Juni huku hujawahi kuomba ruhusa ni njia ya kuikosa safari au kuikosa kazi. Wafadhili wengine hudai idhini ya mwajiri kwenye maombi yenyewe.

Kuhusu Kiingereza, usikimbilie mtihani wa IELTS. Matokeo yake hudumu miaka 2 tu na si ya bei ndogo. Vyuo vingi vya Ulaya na China hukubali barua ya SUA inayothibitisha kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza, na baadhi hupokea kipimo cha Duolingo ambacho kiko chini ya dola 100. Iombe barua hiyo SUA kwanza, kisha uone kozi ulizochagua zinadai nini.

Kalenda ndiyo itakayokubana, kwa sababu misimu ya wafadhili inagongana na wako. EPOS kozi nyingi hufunga kati ya Julai na Oktoba. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa karibu Oktoba. Erasmus Mundus na Ubelgiji ni kati ya Novemba na Februari. China kupitia ubalozi, Desemba hadi Machi. Yaani hasa pale mvua zinapoanza Rukwa, na wewe uko kwenye uandikishaji wa mbolea ya ruzuku, huna umeme wa uhakika wala muda. Kwa hiyo uandishi wote ufanyike Mei hadi Agosti, wakati wa mavuno na baada yake. Kozi nne au tano, si thelathini. Tangazo rasmi la serikali hutoka kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu. Lione pale kwanza kabla ya kuliamini kwenye grupu.

Na kaka. Mkopo wa SACCOS wa ada ya muhula wa kwanza mkatalie kwa upole. Wafadhili niliowataja wanawafadhili watu kabla hawajaanza kozi, na karibu wote hawamchukui aliyeanza kwa fedha zake. Muhula wa pili ungekukuta huna ada, viza inakwenda na ada, na deni liko Sumbawanga. Akitaka kukushika mkono, pasipoti ni shilingi 150,000 na huna sababu ya kuisubiri. Zaidi ya hapo ni nauli ya Morogoro kwenda na kurudi, vyeti kugongwa muhuri na wakili, na kipimo cha Kiingereza ikiwa kozi itadai.